Kakao Chumbani kwa Mama

"Mama Idrisa, njoo Mbeya haraka. Wifi yako anapika pombe chumbani kwa mama yako."

Ndivyo ulivyosema ujumbe wa sauti, na aliyeutuma hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa Nusrat, niliyekua naye Iyunga, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kina mama wa msikiti wetu. Mimi nilikuwa dukani kwangu Iringa, nampimia mteja kitambaa cha pazia. Nikausikiliza mara ya pili, labda nimesikia vibaya. Mteja naye akausikiliza, maana simu yangu spika yake haina siri. Akaniuliza, "Pombe? Chumbani kwa mgonjwa?" Nikamwambia, dada yangu, rudi siku nyingine, leo mkono wangu utakata vidole.

Jamani! Mama yangu ni Bi Asmaa, mwanamke ambaye hata akiandikiwa dawa ya kikohozi alikuwa anamuuliza daktari kwanza kama ina kilevi. Miaka na miaka ndiye aliyeosha maiti wa kike wa Iyunga. Na huyo wifi anayetajwa ni Mwantumu, mjane wa marehemu kaka yangu Ibrahimu, aliyeirithi kazi hiyo ya kuosha maiti mama alipopooza. Sasa muosha maiti na pombe wapi na wapi? Kesho yake asubuhi nikapanda basi. Chimala tulipita nimenuna, mimi ambaye sijawahi kupita Chimala bila kununua mchele.

Lakini hamtaelewa mshtuko wangu kama hamumjui Mwantumu, kwa hiyo ngoja niwaambie.

Huyu ni mtoto wa Chimala hukohuko, baba yake alikuwa muuza mchele. Kaka yangu alikuwa fundi wa malori. Siku moja akaenda kutengeneza lori la mzee, akarudi na mafuta mikononi na mchumba kichwani. Alivyoletwa nyumbani nilimtazama juu mpaka chini, mwembamba, kimya, akicheka anaziba mdomo. Mimi wifi mtu, ningeachaje? Nikasema kwa sauti ili asikie, "Kaka kaenda kutafuta mke, karudi na kijiti." Akajibu bila kuinua macho, "Moto wenu mnawashia nini, wifi, magogo?" Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo nikajua kimya chake kina meno.

Mama akamfundisha kuosha maiti. Mara ya kwanza alitoka nje akatapika nyuma ya choo, akanawa uso, akarudi ndani. Mara ya pili hakutapika. Baadaye watu wakawa wanamwita kwa jina lake kabla hata ya kuita watu wa kuchimba kaburi, kwa sababu alikuwa na mikono ya taratibu. Alichokiona kwenye mwili wa marehemu hakikuwahi kutoka kinywani mwake.

Ibrahimu alipofariki, sote tulijua Mwantumu atarudi kwao. Alikuwa bado kijana, mtoto hakujaliwa, nani angemzuia? Mama mwenyewe alimwambia, "Mwanangu, eda imeisha, nenda kaolewe." Akajibu, "Na wewe nani atakukuna mgongo?" Akabaki. Akaanza kupika kashata za nazi na za karanga, anauza pale barabarani yanaposimama malori. Halafu mama akapooza upande mmoja, akawa wa kitandani. Miaka miwili. Kugeuzwa, kulishwa, kubadilishwa, kila kitu Mwantumu. Mimi nilikuwa natuma sukari na salamu.

Basi nilifika Iyunga siku hiyo, hata hodi sikupiga.

Wallahi, harufu ilinikuta mlangoni! Ulanzi, ile pombe ya mianzi, nimeujua Iringa, kilabu chake naweza kukionyesha kwa pua nikiwa nimefumba macho. Ilikuwa ni ileile harufu tamu ya kitu kilichochachuka. Nikapita sebuleni, nikapita ukumbini, na kadiri nilivyokaribia chumba cha mama ndivyo ilivyozidi. Nikasukuma mlango.

Kando ya kitanda, karibu kabisa na godoro, palikuwa na sanduku kubwa la mbao. Limefunikwa majani ya migomba, juu ya majani magunia, juu ya magunia blanketi. Na blanketi lenyewe nililijua, la rangi ya damu ya mzee, nililomtumia mama kutoka Iringa! Na juu ya hilo blanketi, juu ya hiyo pombe, ilikuwa imepumzika miguu ya mama yangu mzazi, na mwenyewe kalala usingizi wa mtoto.

Nilipiga yowe.

Mwantumu akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Wifi! Umefika? Kuna nini?"

"Unaniuliza mimi kuna nini? Hiki ni nini?"

"Kakao."

"Kakao gani inanuka kilabu, Mwantumu? Unanifanya mtoto?"

"Siku mbili za mwanzo ndivyo inavyonuka. Kesho kutwa itanuka siki. Nimeivundika."

"Umeivundika chumbani kwa mama! Nyumba hii imekosa stoo?"

Mama akafumbua macho. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu ugonjwa, lakini ukali haukupooza hata kidogo. "Nani anapiga kelele? Ni wewe? Iringa hakuna hodi?"

"Mama, shikamoo. Mama, umelazwa na pombe!"

"Marahaba. Weka mkono."

"Niweke wapi?"

"Hapo chini ya blanketi. Weka mkono uache maneno."

Nikaingiza mkono chini ya blanketi, chini ya magunia, nikagusa majani. Nikauchomoa haraka. Joto! Joto la kweli, la chapati iliyotoka jikoni. Nikainama chini kutafuta mkaa, hakuna. Nikatafuta waya wa umeme, hakuna. Sanduku la mbegu lilikuwa linachemka lenyewe. Nikabaki nimekodoa macho, nikasema "Khaa!"

Ndipo nikaelezwa. Kuna mzee mmoja wa Uyole, Mzee Saulo, bwana shamba mstaafu, Mnyakyusa, mlokole wa kanisani. Miaka mingi alifanya kazi Kyela kwenye kakao, na shamba la ukoo wake liko hukohuko. Huyu alikuwa mteja wa kashata za Mwantumu. Siku moja akamwambia, "Mama, wewe unaweza kutengeneza chokoleti. Kakao yetu inaondoka Kyela kwenye magunia inakwenda ng'ambo, inarudi dukani kwenye karatasi inayong'aa." Akamletea mbegu kavu. Mwantumu akazikaanga, akazimenya, akazitwanga, akachanganya na sukari. Zikatoka chungu na kali, watoto wakatema. Mzee Saulo akaonja, akasema hizi mbegu zilianikwa bila kuvundikwa, na bila kuvundikwa chokoleti haipo. Kuanzia hapo akawa anamletea mbegu mbichi zenye ute wake mweupe, zimetoka kwenye tunda asubuhi hiyohiyo.

Kyela ni joto, ukivundika nje inakubali. Iyunga mwezi wa sita, mnaujua wenyewe. Sanduku la kwanza Mwantumu aliliweka stoo, baridi ikaliua, likaota ukungu. Chumba chenye joto nyumba nzima ni cha mama, kiko mgongoni mwa jiko. Akamwomba ruhusa, akaliingiza. Usiku wa pili mama akamwambia, "Lisogeze karibu. Limeanza kutoa joto."

"Tangu baridi ianze miguu yangu ilikuwa imekufa," mama akaniambia. "Jiko la mkaa nakohoa. Sasa naisikia miguu yangu. Ukitaka kulitoa sanduku hili, nitoe na mimi."

Nilikaa kwenye kiti nikacheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Yaani mama yangu anaota moto kwenye chokoleti.

Lakini nje ya nyumba ile hakuna aliyekuwa anacheka. Nilimfuata Nusrat kwake, nikamweleza vizuri, hatua kwa hatua. Akanisikiliza mikono kifuani. Akasema alipita kumjulia hali mama, ile harufu ikamkuta, akajifunika pua kwa ushungi, akaondoka bila hata kukaa. Halafu akazungumza na kina mama wenzake kwenye kundi la simu, na wote wameafikiana.

"Mmeafikiana nini?"

"Mwantumu haoshi tena maiti wa Kiislamu Iyunga. Mikono inayoshika kilevi haiwezi kumwandaa mtu kwa Mola wake."

"Nusrat, si kilevi!"

"Mama Idrisa, pua hainidanganyi."

Nilirudi nyumbani nimevurugwa, na wala sikumwambia mama. Haikusaidia. Mama wa kitandani husikia kila kitu, mashoga zake walishamletea habari. Aliniita karibu, akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, akanibana.

"Nikifa anioshe Mwantumu. Nimemfundisha mwenyewe. Simtaki mwingine. Niambie umesikia."

"Nimesikia, mama."

"Niahidi."

Nikaahidi. Na kuanzia hapo sikupata usingizi, maana mtu akikuahidisha jambo la kifo chake hata mbavu zako zinaogopa.

Nikasema dawa ya jambo hili ni kikao. Nikaita watu sebuleni kwetu baada ya sala ya alasiri. Shehe Muhidini, imamu wetu, nikamweka kwenye kiti kizuri. Nusrat na wenzake wakakaa kwenye mkeka. Mwantumu akakaa karibu na mlango wa ukumbi. Na kama shahidi wa kitaalamu nikamwita Mzee Saulo, akaja na koti lake la kanisani na begi la makaratasi. Nikapika kahawa, nikawapa wote. Mlango wa chumba cha mama nikauacha wazi, naye asikie anavyotetewa.

Mzee Saulo alianza vizuri sana. Akaeleza tunda, akaeleza mbegu, akaeleza kwamba ile sukari ya ute ndiyo inayochachuka, inatoa joto, inageuka siki, halafu siki inapenya ndani ya mbegu na kuipa ladha. Shehe anatikisa kichwa anaelewa. Mimi moyoni nasema tumeshinda. Angeishia hapo! Lakini mzee wa watu alikuwa hajapata watu wa kumsikiliza tangu astaafu.

"Na niwaambie kitu kingine kizuri," akasema. "Hata neno lenyewe chokoleti lina historia yake."

Nusrat akauliza, "Si neno la Kizungu?"

"Hapana, mama! Wazungu walilikuta. Lilitoka kwa wenyeji wa Meksiko wa zamani, Waazteki na majirani zao. Maana yake wataalamu mpaka leo wanabishana. Wengi wamezoea kusema ni maji machungu. Wengine wanasema hapana, linatokana na jina la kijiti cha kukorogea. Wengine wanasema maji ya moto. Hakuna mwenye uhakika. Lakini wote wanakubaliana kwamba hakikuwa kitu cha kutafuna. Kilikuwa kinywaji, bila sukari, wanatia na pilipili, wanakikoroga mpaka kinatoa povu. Wanakunywa wakuu, wanakunywa kwenye harusi. Wahispania wakalichukua neno, likazunguka Ulaya nzima likibadilishwa kila mahali, ndipo likatufikia sisi likiwa chokoleti."

Mimi mwenyewe nilishangaa. Kitu nilichokuwa nawanunulia wanangu sikukuu, nikidhani ni peremende ya Waingereza, kumbe ni maji machungu ya watu wa mbali kabisa! Kina mama wakatazamana. Mmoja akasema "Loh, na pilipili?" Mzee Saulo akaona wamenogewa, akasogea mbele ya kiti.

"Na hata kabla ya hapo," akasema, "hao wanaochimba vyungu vya kale wanasema watu wa kwanza kabisa hawakujali mbegu. Walichukua ule ute mtamu, wakauacha uchachuke, wakanywa. Kwa hiyo chokoleti, ukifuata asili yake mwanzo kabisa, ilianza kama pombe!"

Akaegemea kiti, ameridhika.

Nilitamani niichukue ile birika nimmiminie kichwani. Mwantumu alifunga macho. Nusrat akaachia mikono yake, akawageukia wenzake taratibu. "Mmesikia? Sijasema mimi. Shahidi wao mwenyewe huyu hapa."

"Astaghfirullah," wakaitikia.

"Lakini hiyo ni miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita," Mzee Saulo akasema, jasho linamtoka na baridi yote ile. "Mimi nilikuwa nafundisha tu!"

Shehe Muhidini akainua kidole. Shehe wetu ni mtu wa maneno machache na hana haraka. Akamgeukia Mwantumu. "Mwanangu, hayo maji yanayotoka kwenye sanduku yanakwenda wapi?"

"Yanadondokea kwenye beseni, shehe. Nayamwaga shimoni."

"Kuna anayeyanywa?"

"Nzi, shehe."

Mtu akacheka, akajiziba. Shehe hakucheka. Akachukua kikombe chake, akakiinua watu wakione. "Na hii ni nini?"

"Kahawa," tukasema.

"Neno la wapi?"

"La Kiarabu, shehe," akajibu Nusrat haraka, na yeye kikombe chake kilikuwa njiani kwenda mdomoni.

"Naam. Qahwa. Sasa fungueni kamusi za Waarabu wa kale, kabla hawajaujua mti wa buni. Qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo."

Subhanallah! Mngeona vile vikombe vilivyotua chini! Mama mmoja alikuwa na funda mdomoni, akashindwa kumeza, akashindwa kutema, akabaki mashavu yamejaa anamwangalia shehe kama mtoto aliyebambwa na sukari. Nusrat kikombe kilisimama hewani, hakiendi juu wala chini. Tunayokunywa msibani, tunayokunywa kwenye maulidi, kumbe jina lake lilikuwa la mvinyo! Shehe akapuliza kahawa yake, akanywa, akakitua kikombe.

"Sisi tunaulizwa kilichomo ndani ya kikombe," akasema. "Hatuulizwi jina lilikopita. Mbegu hii haimlevyi mtu, maji yake yanamwagwa, na siki si haramu. Mimi sioni dhambi ya mwanamke huyu."

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini Nusrat akakiweka kikombe chake pembeni, akajifunga khanga vizuri, akanyanyuka.

"Shehe, heshima yako iko palepale. Wewe una vitabu vyako, mimi nina pua yangu. Nimeingia nyumba hii ikanuka kilabu. Watu wakiniuliza kesho kwa nini nilikaa kimya, nitawajibu nini? Nitawasomea kamusi? Mikono ile haitagusa mwili wangu, wala mwili wa mtu yeyote ambaye mimi nina kauli naye."

Kina mama wengine wakanyanyuka naye. Shehe akashusha pumzi. "Kuosha ni kazi ya watu walioridhiana," akaniambia mimi. "Kwa fimbo siwezi kuwaingiza."

Ndipo sauti ikatoka chumbani, nzito, inakokota maneno. "Na mimi je? Mwili wangu nina kauli nao, au nao mmenichukulia?"

Kina mama walitoka mmoja mmoja, wakitafuta kandambili zao mlangoni.

Mama alifariki mwezi wa saba, nikiwa bado sijarudi Iringa, asubuhi, Mwantumu akiwa anamnywesha uji. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa amenigombeza kwa kukunja mashuka vibaya, nami nikamjibu kwa mzaha. Sikuwa na habari kabisa. Mwantumu alitoka chumbani akiwa bado ameshika kijiko, akasema tu, "Wifi, mama ametuacha." Innalillahi. Nilimwangalia yeye, nikakiangalia kijiko, nikasema mbona alikuwa anazungumza? Nikalisema hilo mara nyingi, kila aliyeingia nilimwambia, mbona alikuwa anazungumza?

Watu wakajaa uwanja mzima. Mwantumu akafanya anachokijua. Akachemsha maji, akakata sanda, akaandaa karafuu maiti na pamba, akatandika kitanda cha kuoshea, akatundika shuka dirishani. Nusrat na wenzake wakafika, wakasimama kwenye mlango wa chumba. Nikasema sasa ndio hapa, leo tutagombana mpaka maiti asikie. Nikajifunga khanga kiunoni. Nikageuka kumtafuta Mwantumu aingie, sikumwona.

Nikamkuta jikoni amekaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono mapajani.

"Inuka! Unafanya nini hapa?"

"Waache waingie wao."

"Mama alisema nini? Niliahidi, Mwantumu! Niliahidi!"

"Wifi, mama hawezi kulala pale mkigombana juu ya kichwa chake. Aoshwe kwa amani." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mikono yake ilikuwa bado inanuka karafuu maiti. "Nenda wewe ukamwage maji. Wewe ni mwanawe."

Nilirudi nimejaa hasira mpaka macho hayaoni vizuri. Nikamwambia Nusrat, mama yangu alimtaka Mwantumu na wewe unajua. Akanijibu, "Si amejitoa mwenyewe?" Ningempiga, Mungu nisamehe, ningempiga pale mlangoni. Lakini wanaume walishakwenda kuchimba, jua linapanda, na mama yangu amelala ndani anasubiri wanawake wazima waache ujinga. Nikachukua jagi nikaingia. Ahadi yangu ilikuwa imekufa pamoja na mwenye nayo, na kwa aibu ile nilishindwa kumtazama mama usoni.

Sheria ya kuosha iko hivi, ukiona baya unalifunika, ukiona zuri una ruhusa ya kulisema. Basi nitasema.

Nusrat alivaa kitambaa mkononi, akaosha chini ya shuka kama inavyotakiwa. Mimi namwaga maji. Akaosha kichwa, akaosha upande wa kulia, wa kushoto. Wakamwinua kidogo kwa ubavu ili aoshwe mgongo. Mkono wa Nusrat ukapita mgongoni, ukasimama. Ukapita tena kwenye nyonga, ukasimama. Akashika visigino, kimoja, kingine. Akanitazama.

"Amelala miaka mingapi?"

"Miwili."

"Hakuna kidonda," akasema. "Hata kimoja hakuna."

Wenzake wakasogea. Wote wale wameosha bibi zao na mama zao, wanajua mtu aliyelala miaka miwili anakuwaje mgongoni. Ngozi ya mama ilikuwa nzima, laini mpaka kwenye visigino. Na ile ngozi ilipopata maji ya moto ikatoa harufu, harufu ya chokoleti, chumba kizima. Nusrat akanusa kile kitambaa cha mkononi mwake.

"Alikuwa anampaka nini?"

"Mafuta ya kakao," nikasema. "Anaitwanga, anaichemsha, anaengua mafuta ya juu. Anamgeuza na kumchua asubuhi, mchana na usiku. Mimi nilidhani ni mafuta ya dukani mpaka nilipomuuliza."

Nusrat akakaa chini. Kwenye sakafu yenye maji, na gauni lake, akakaa. Nilidhani ameteleza. Halafu akasema maneno ambayo baadaye aliniruhusu kuyarudia popote.

"Mama yangu mimi alilala miezi minne tu. Alikuwa na vidonda hapa, na hapa, mpaka mfupa unaonekana. Mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Mwantumu ndiye aliyemwosha, na akanitoa nje nisione. Hajawahi kusema neno kwa mtu. Hata kwangu hajasema."

Nusrat akashika ukingo wa kitanda, akanyanyuka, akatoka na mikono inachuruzika maji, akapita katikati ya watu sebuleni bila kuwaona. Nikamfuata nyuma na jagi langu. Akaenda moja kwa moja jikoni, akasimama mbele ya Mwantumu.

"Inuka," akamwambia.

Mwantumu akainua uso. "Kumeharibika nini?"

"Ingia umwoshe mama yako. Mimi nitamwaga maji."

Akanigeukia, akanyoosha mkono. Nikampa jagi.